Jumba Nililolijua Bila Kufika

Wanangu mnaonishika mkono baada ya ibada pale Arlington, Texas, na kuniuliza, "Mama Wakesho, hii kazi ya kutunza wazee ikoje, tuingie?" leo nawajibu kwa kirefu, maana nimestaafu na sina tena mgonjwa wa kumkimbilia.

Mgongo mtafundishwa kuulinda. Kuosha mtajifunza. Harufu mtaizoea mapema kuliko mnavyodhani. Ambalo hamtafundishwa ni kwamba mtaishi katika nyumba ambazo hamjawahi kuziona. Mimi niliishi kwa miaka kadhaa katika jumba moja la kale huko Uingereza, nikajua mlango upi unakwaruza na dirisha lipi halifungi, na Uingereza yenyewe sijaikanyaga mpaka leo.

Majina nimeyabadilisha. Hilo nalo ni somo: ya mgonjwa hubaki kwa mgonjwa.

Ilikuwa 2017. Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ilinituma Mansfield kwa mwanamke Mwingereza aliyekaribia miaka tisini. Tumwite Bi. Dorothea. Aliolewa akiwa msichana na Mmarekani wa mambo ya mafuta, akaja Texas, akazeeka Texas, akamzika mume Texas, lakini Kiingereza chake kilikataa katakata kuhama. Siku ya kwanza nilimwita Miss Dorothea, kama watu wa huku wanavyowaita wazee wao. Akanitazama juu ya miwani.

"Mimi nimeolewa, nimezaa na nimezika," akasema. "Umisi uliniisha zamani."

Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeshaanza kumla. Tulipofika kwenye korido ya kwenda bafuni akanibana mkono. "Angalia, kuna kidato hapo, inua mguu."

Nyumba za Mansfield mnazijua. Ni za chini, vigae vitupu kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma. Nikacheka, nikamwambia hakuna kidato. Akakataa kusogea. Nikamwonyesha kwa mguu wangu, hivi, angalia, ni tambarare. Akaanza kutetemeka, akanishutumu kwamba nataka aanguke avunje nyonga. Tukasimama pale koridoni mpaka akajikojolea, na wote wawili tukalia, yeye kwa aibu na mimi kwa hasira.

Mniwie radhi, hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Nilipoanza kazi hii, kwenye nyumba ya wazee kule Fort Worth, tuliambiwa tuwarudishe kwenye ukweli. Ukutani kulikuwa na ubao: leo ni Jumanne, uko Texas, hali ya hewa ni jua. Tukiingia asubuhi tunawasomea kama watoto wa chekechea. Mzee akisema anamsubiri mkewe, tunamkumbusha kwamba mkewe amekufa, na kila siku anafiwa upya. Ubao ule siku hizi umeondolewa, na waliouondoa wamefanya jambo jema.

Nilimpigia simu Espérance. Huyu alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, Mkatoliki wa rozari mfukoni, na ndiye aliyenifundisha kumgeuza mgonjwa kitandani bila kujivunja kiuno. Nikamweleza kisa cha kidato.

"Wewe kinakugharimu nini kuinua mguu?" akaniuliza.

"Lakini hakipo, Espérance."

"Kwake kipo. Usimbishie, dada. Mfuate huko aliko."

Kesho yake tulipofika pale koridoni niliinua mguu, nikasema, "Kidato hiki kimelika katikati." Bi. Dorothea akanitazama kwa furaha, kama mtu aliyekutana ugenini na mwenzake wa kijijini. "Ni cha mawe," akasema. "Kimelika kwa miguu ya watu waliokufa kabla ya babu yangu." Akavuka, mimi nyuma yake. Nilikizoea kidato kile hata nikawa nakivuka nyumbani kwangu. Binti yangu Wakesho alinikuta nikiinua mguu mbele ya jiko, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nina maumivu ya goti.

Basi tukaanza kutembea. Kila alasiri, akishalala kidogo baada ya chakula, ananyanyuka na kile kigari chake cha kutembelea na tunalizunguka jumba. Sebule ndogo ya Mansfield ilikuwa ukumbi mrefu wenye picha za mababu. Chumba cha mashine ya kufulia kilikuwa jiko la chini, ambako mpishi alimkataza kugusa sukari. Mara nyingine alinichukua mimi kuwa mtumishi mpya, akanihoji kama naweza kung'arisha vyombo vya fedha. Nikasema naweza. Nikamchemshia chai yetu, ya maziwa na tangawizi, akaonja na kuuliza, "Nani ameitesa chai hii?" Wiki iliyofuata akawa anaidai mwenyewe.

Kisha bustani. Nje kulikuwa na ua wa nyasi zilizoungua jua na uzio wa mbao. Yeye aliona vichaka vilivyokatwa mraba kama mikate, bwawa la samaki, na ukuta mrefu wa matofali wenye mitofaa iliyofungwa matawi, ikanyooka ukutani kama nguo zilizoanikwa. Tulipinda kona mahali pasipo na kona. Nilizijua. Siku moja aliugua koo hawezi kusema, na mimi nikamwongoza bustani nzima bila kukosea, naye akatikisa kichwa kukubali kila tulipopinda.

Mwisho wa ukuta ule kulikuwa na mlango mdogo wa kijani. Kwa macho yangu ilikuwa pembe ya uzio, mbao na kisiki cha mti. Hapo aligeuza kigari kila siku, haraka. "Si huo," alisema. "Huo hatuufungui."

Mwanawe aliitwa Martin, mhandisi wa huko Houston, mtu mpole mwenye haraka. Akija anabeba maua, anakaa ukingoni mwa kiti, anatazama simu. Mara ya kwanza alipoona mama yake na mimi tunavuka kidato, alinivuta pembeni.

"Kwa nini unamdanganya?"

"Simdanganyi. Namsindikiza."

Hakupenda jibu lile, lakini aliona mama yake ananenepa, akaniacha niendelee. Ni yeye aliyeniambia kwamba jumba lipo kweli. Mjomba wake, kaka mdogo wa Bi. Dorothea, alikuwa amebaki nalo peke yake mpaka akafa bila mtoto, likamwangukia dada. Na kwa kuwa dada hakuweza tena kusaini, Martin alisaini kwa niaba yake.

"Paa linavuja na bustani imekuwa msitu," aliniambia. "Nimeliweka sokoni. Mama asijue. Itamuua."

Nilikubali. Sikuwa na sauti katika mambo yao. Lakini tangu hapo jumba likaanza kuwa na mambo.

Adhuhuri moja ya Agosti, mapazia yamefungwa kuzuia joto, Bi. Dorothea alijikinga macho kwa mkono. "Mwanga umekuwa mkali ukumbini," akasema. "Wamekata mti wetu." Ni mti upi? "Ule wa giza, mbele ya madirisha. Babu alikataza." Alikasirika hata hakula. Jioni Martin alipopiga simu kuulizia dawa, nikamuuliza kwa mzaha kama kuna mti umekatwa kule Uingereza.

Akauliza, "Nani amekuambia? Mimi mwenyewe nimepata habari asubuhi hii. Wauzaji wamesema unaziba sura ya nyumba."

Siku nyingine ilikuwa, "Waambie wageni wafute viatu," na kumbe siku hiyo wanunuzi walikuwa wamepitishwa vyumbani. Martin alisema ni bahati tu, mtu akisema mengi, moja litapatia. Labda. Mimi niliacha kumuuliza, maana kila nikiuliza nililala vibaya.

Nimwambie Espérance tena? Nilimwambia. Aliniuliza swali ambalo sikuwa nimeliwaza. "Huo mlango anaoukimbia, umewahi kumuuliza kuna nini?"

Mwanzoni niliogopa. Halafu kukawa na alasiri tulipofika kwenye ile pembe ya uzio na Bi. Dorothea hakugeuka. Alisimama. Jua la Texas lilikuwa linachoma visogo, na wanangu, naapa, vifundo vya miguu yangu viliingiwa baridi. Si upepo. Ilikuwa baridi ya chini, yenye harufu ya udongo uliolowa, kama unaposimama kwenye mdomo wa kisima. Nilitazama nyasi. Zilikuwa kavu kama makapi.

"Kuna nani humo, Bi. Dorothea?"

"Leti," akasema. "Mdogo wangu."

Akanieleza polepole, na kwa mara ya kwanza bila kuchanganya. Nyuma ya mlango ule kulikuwa na shimo la barafu. Zamani za kabla ya friji, matajiri walivuna barafu bwawani wakati wa baridi, wakaihifadhi katika chumba cha matofali chini ya ardhi. Wakati wake lilikuwa limeshaachwa. Walikuwa wakicheza kujificha, yeye na Leti. Yeye mkubwa ndiye aliyepanga.

"Nilimwambia aingie humo, asitoke mpaka nimwite. Kisha wakaja binamu zetu na farasi mpya, nikaenda kumwona. Alikuwa mtoto mtiifu sana."

Walimpata kesho yake, baridi imeshammaliza. Mlango haukuwa umefungwa kwa komeo. Angeweza kuusukuma wakati wowote.

"Najua amekufa," Bi. Dorothea aliniambia, akinikazia macho mazima kabisa. "Usinifikirie mjinga. Walimtoa, wakamzika kanisani, nilikuwepo. Lakini mimi sikumwita. Baba alipiga marufuku jina lake kutajwa tena nyumbani, nami nikatii. Halafu nikaolewa nikaja huku."

Nilimrudisha ndani nikamfunika blanketi, nje joto likitisha. Usiku ule nilikumbuka kwetu Taita, jinsi wazee wa zamani walivyohifadhi mafuvu ya watu wao mapangoni, na mtu hakuhama bila kwenda kuwaaga. Nilipokuwa msichana nilidhani ni ushamba. Sasa nikafikiri: jumba linauzwa. Siku si nyingi mlango ule utakuwa wa watu wengine, nao wataujengea ukuta, au watalijaza shimo mchanga. Na huyu mama amebaki upande huu wa bahari na neno moja kooni.

Nilimweleza Martin kisa cha Leti, nikamwomba amwambie mama yake kwamba jumba linauzwa, apate kuaga. Alikuwa hajui. Miaka yote alijua tu kwamba mama yake alikuwa na mdogo aliyekufa kwa homa. Alikaa garini mwake muda mrefu pale mbele ya nyumba. Aliporudi akasema hapana. Kumwambia habari za mauzo ni kumtonesha kidonda asichoweza kukielewa.

"Ameshaelewa, Martin. Ni wewe hujamwambia."

"Ukimwambia, sitaweza kukuacha uendelee hapa."

Hilo nalo mlijue: kuna siku utaona kinachomfaa mgonjwa, na mwenye nyumba ataona vingine. Sikumwambia mgonjwa. Lakini kila Martin alipopiga simu nilimuuliza swali lilelile, atamwambia lini mama yake, kwa adabu, mpaka nikajiona kama nzi.

Uuzaji ulikwama na kuanza upya, maana jumba la kale lina sheria zake. Mnunuzi wa kweli alipatikana mwaka ule wa korona, dunia nzima ikiwa imefungwa. Martin hakuweza kusafiri kwenda kukabidhi. Hata kwa mama yake hakuingia. Alikuja kutoka Houston akakaa kwenye baraza la nyuma na barakoa yake, akizungumza naye kupitia mlango wa wavu.

Na Bi. Dorothea alikuwa anaisha. Hakula. Alikuwa ameacha kutembea, lakini kila alasiri alitaka kiti kielekezwe kwenye ile pembe ya uzio. Martin alimtazama siku ile kupitia wavu, mama yake akichungulia nyasi tupu, midomo ikitikisika bila sauti. Nadhani hapo ndipo alipovunjika.

"Mama," akasema. "Nimeliuza jumba."

"Najua, mpenzi," mama akajibu. "Ulichelewa tu kuniambia."

Asubuhi iliyofuata, ambayo kule ni alasiri, kijana wa kampuni ya wauzaji alikwenda kwenye jumba peke yake, kwa ombi la Martin, akatupigia kwa video. Niliisimamisha tableti juu ya meza ya dawa. Na hapo, wanangu, nikaona kidato. Kilikuwa cha jiwe, kimelika katikati. Niliushika ukingo wa meza. Niliona ukumbi mrefu, na alama nyeupe ukutani palipong'olewa picha. Niliona kisiki cha mti mbele ya madirisha. Kijana alitaka kutuonyesha vyumba vya juu, ila Bi. Dorothea alimwamuru kama mtumishi.

"Nje. Kushoto. Fuata ukuta."

Mitofaa ilikuwa imekufa, matawi yake bado yamefungwa. Mwisho wa ukuta kulikuwa na mlango, mdogo, rangi ya kijani imebanduka. Nilikuwa nimeujua mlango ule kabla sijauona, na kuuona hakukunisaidia chochote.

"Ufungue," alisema Bi. Dorothea.

Kijana akausukuma kwa bega. Ndani palikuwa na giza tu na matofali yenye unyevu. Martin alikuwa amebandika paji la uso kwenye wavu. Bi. Dorothea akajiinua kutoka kwenye kiti, mimi nikamdaka kiunoni, na kwa sauti ambayo sikujua kwamba mwili ule bado unayo, sauti ya msichana anayeita shambani, akapaza:

"Leti! Toka sasa! Mchezo umekwisha!"

Hakuna kilichotoka. Nawaambia kama nilivyoona. Lakini yule kijana, aliyekuwa amesimama katikati ya njia na simu yake, alirudi nyuma na kujibanza ukutani, kifua kimevutwa ndani, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni. Akabaki hivyo kidogo. Kisha akalegea.

"Vipi?" Martin akamuuliza.

"Samahani," akasema kijana, amechanganyikiwa. "Sijui. Nilihisi nimeziba njia."

Bi. Dorothea akaketi. Akaniomba chai, ile iliyoteswa. Akaomba na kikombe cha pili, chenye maziwa mengi, nikakiweka mahali alipoonyesha, pembeni mwa goti lake. Nilijifunza zamani kutobisha, kwa hiyo sikukigusa mpaka kilipopoa.

Tangu siku ile hakukuwa tena na jumba. Korido ikawa korido. Alilala sana, na alipoamka alizungumza chini kwa chini na kucheka, sauti ya watu wanaofichana siri za kitoto. Baridi ile ya pembeni mwa uzio niliihisi mara kwa mara ndani, karibu na kitanda, katikati ya mchana, ikipita na kurudi. Sikuwa mtu wa kukaa humo peke yangu kwa amani, lazima niseme. Nilimwomba Espérance tupokezane, akaja na rozari yake. Baada ya saa moja alitoka akaniambia, "Hakuna ubaya humo. Kuna mchezo tu."

Bi. Dorothea alikufa alasiri, wakati wake wa kutembea. Tulimwosha, Espérance na mimi. Hapa nisikilizeni kama mafundi: maji yawe ya uvuguvugu hata kama mwenyewe hasikii, zungumzeni naye kwa jina, mwambieni kila mnachofanya kabla ya kumgusa. Martin tulimruhusu aingie. Alimshika mama yake mkono, bila glavu.

Wakaja watu wawili wa kuchukua maiti, wamevaa barakoa na suti nyeusi katika joto lile. Walikuwa watu wa heshima. Mmoja, mzee kidogo, aliingia chumbani, akatoka tena, akatujia sebuleni akiwa ameinamisha kichwa.

"Poleni sana," akasema. "Kabla hatujaendelea, tungeomba mmoja wenu amshike huyo mtoto, ampeleke chumba kingine. Si vizuri aone tunavyombeba."

Espérance alijifanyia ishara ya msalaba. Yule mzee akatutazama mmoja mmoja, akageuza shingo kutazama chumbani alikotoka, na nikaona rangi ikimtoka juu ya barakoa.

"Mwache tu," nikamwambia. "Ni wa familia."

Wakambeba. Tukasimama mlangoni gari lao likitoka taratibu kwenye mtaa ule mweupe kwa jua, hakuna mtu nje, hata mbwa. Martin alikuwa awafuate nyuma. Alishuka mpaka kwenye gari lake, akatoa ufunguo, akashika kitasa cha mlango wa dereva. Mkono ukabaki pale. Huyu ndiye mtu aliyeniambia namdanganya mama yake.

Kisha akauacha mlango wake, akaenda kuufungua wa nyuma. Akaushikilia wazi, akitazama chini, mahali ambapo kichwa cha mtoto mdogo kingefika. Halafu akaufunga polepole, kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kubana vidole.